Norris Tapscott na Sufuria ya Namba Sita

Norris Tapscott anastaafu leo, Ijumaa tarehe 28 Septemba 2018, saa kumi kamili jioni, baada ya kuchemsha chambo katika kiwanda hiki cha Sallis, hapa Harnwick, kwa miaka thelathini na saba na nusu, kasoro siku mbili. Siku mbili hizo alizitaja yeye mwenyewe. Nilipomwambia kwamba hakuna atakayezihesabu, alinijibu kwamba mtu anayepuuza siku mbili atapuuza na mayai mawili, na hapo ndipo chambo kinapoharibika.

Bwana Piers Sallis, mkurugenzi wetu, ndiye aliyeniomba mimi, Glenda Whybrow wa chumba cha ufungaji, niandike wasifu huu wa kuwekwa kwenye ratiba ya sherehe. Aliniambia, "Andika vitu vizuri vizuri tu, Glenda. Kurasa chache. Watu wacheke kidogo, wale sandwichi zao, waende nyumbani." Nimejitahidi. Vizuri vizuri vipo. Kucheka pia tutacheka, ila sina hakika kama tutacheka sote kwa pamoja.

Kwanza neno kwa wageni wetu walioolewa na wavuvi wa samaki aina ya karpi, ambao wameshateseka vya kutosha na hawapaswi kuachwa gizani. Kitonge cha chambo ni unga na mayai vilivyokandwa pamoja, vikaviringishwa ukubwa wa gololi, vikachemshwa dakika moja na nusu mpaka vikafanya ngozi. Ngozi hiyo ndiyo kazi yenyewe. Samaki wadogo wanakigonga kitonge mpaka wanachoka, karpi mkubwa anakuja anakifyonza. Mvuvi anakifunga kando ya ndoana, anakitupa ziwani, kisha analala hemani siku tatu akisubiri king'ora cha mshipi wake kilie. Samaki akipatikana analazwa kwenye godoro, anapimwa uzito, anapigwa picha akiwa amekumbatiwa, anapakwa dawa mdomoni pale ndoana ilipomchoma, halafu anarudishwa majini kwa maneno ya upole. Haliwi na mtu. Ana jina lake kamili na watu wanaulizana habari zake. Mume wangu anakumbuka uzito wa Bibi Clementine, karpi wa ziwa la pili la hapa Harnwick, kwa kila mwaka tangu 1999. Siku ya ndoa yetu haikumbuki.

Hao ndio wateja ambao Norris amewahudumia tangu akiwa na miaka ishirini na minane. Nawaheshimu kwa sababu wanatulipa mishahara, lakini ukweli hauna budi kusemwa: asilimia kubwa yao huchagua chambo kama mtoto anavyochagua peremende. Wanataka rangi. Wanataka pakiti yenye picha ya mtu amevaa kofia. Wanasoma neno "siri" kwenye lebo, mate yanawatoka. Mzee Aubrey Sallis, baba yake Bwana Piers na mwanzilishi wa kiwanda, alikuwa akisema kwamba chambo humnasa mvuvi kwanza, samaki baadaye. Yeye alisema kwa masikitiko. Mwanawe ameyageuza kuwa mpango wa biashara.

Norris alikuwa akishuka dukani kila Jumamosi asubuhi kusaidia kaunta, mpaka alipokatazwa. Sababu ya kukatazwa ni kwamba alikuwa akiwauliza wateja maswali. Mtu anaingia mwezi wa kwanza, barafu imetanda kwenye vioo vya gari lake, anataka kilo tano za vitonge vya stroberi, vya pinki. Norris anaegemea kaunta.

"Maji yako ni ya tope chini au changarawe?"

"Sijui. Ni ziwa tu."

"Samaki wadogo wapo wengi?"

"Sijawahi kuwaona."

"Basi kwa nini pinki?"

"Jamaa yangu alipata kwa pinki."

"Jamaa yako alipata lini?"

"Mwezi wa nane."

"Sasa ndugu yangu, mwezi wa nane hata mimi ningejiweka kwenye ndoana ningepata kitu. Rudisha hizo. Chukua nusu kilo ya hivi vya maziwa na mbegu, vitonge vitatu hapa, viwili pale, usimwage ndoo nzima kama unalisha nguruwe. Samaki wa baridi hana njaa, anaonja tu."

Mteja anaondoka na nusu kilo badala ya kilo tano, na wiki inayofuata anarudi akiwa na picha. Hesabu hiyo haikumpendeza Bwana Piers. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na sisi tumenunua magari mawili ya kutembeza.

Kwenye jiko la kuchemshia Norris alikuwa na sheria zake, na wale mliopita chini ya mkono wake mnazijua mpaka leo mkiota. Mayai yanapigwa kwanza, peke yake. Unga unaingia kwenye mayai, kidogo kidogo. Anayemwaga mayai kwenye unga anatolewa nje akapunge upepo. Donge likishakandwa linafunikwa kitambaa kibichi, linapumzika nusu saa, "kama mtu yeyote aliyepigwa". Unga wa samaki ni wa miezi ya joto, maana mafuta yake huganda maji yakipoa, na kitonge kinakaa chini kama kokoto, hakitoi harufu yoyote. Na vitonge vinaingia kwenye sufuria mkupuo wa konzi mbili tu, ili maji yasikate kuchemka. Hapo hapo ndipo wapishi wa nyumbani wanapoangukia pua. Wana haraka, wanamimina trei nzima, maji yanazimika, na badala ya vitonge wanachota uji.

Halafu kuna suala la kuonja. Kila mkupuo, kila siku, Norris aliuma kitonge kimoja, akatafuna, akatema kwenye kikombe cha bati. Afisa wa afya aliyetutembelea mwaka 2006 aliona jambo hilo akaomba kiti. Norris alimwambia kwa upole kwamba karpi hana mikono, anaishi kwa ulimi, na mpishi asiyeonja hana tofauti na fundi cherehani asiyepima. Lakini mtu mwingine pia aliwahi kuonja. Krismasi ya mwaka 2011, Norris aliacha bakuli la vitonge vipya kwenye meza ya ofisi, vya ini na pilipili manga, visubiri kupakiwa. Mkurugenzi wetu alipita na glasi yake ya mvinyo wa sheri akala vitatu, akasema mbele ya wafanyakazi wote kwamba mwaka huu kampuni iliyotuandalia vitafunio vya sherehe imejitahidi. Hakuna aliyemwambia. Bwana Piers, kama unasoma hapa kwa mara ya kwanza, pole sana. Ulikuwa na rangi nzuri usoni wiki nzima iliyofuata.

Harufu ni jambo ambalo mke wake, Hilary, anaweza kulizungumza vizuri kuliko mimi. Alimtengea Norris kibanda cha kuvulia nguo bustanini mwaka 1983, na kibanda hicho bado kipo. Kwenye basi la saa kumi na moja Norris alipata viti viwili peke yake kwa miaka yote hiyo. Alidhani ni heshima.

Sasa tufike kwenye kazi kubwa ya maisha yake. Hapa naomba wenye kikombe mdomoni wakiweke chini.

Mwishoni mwa mwaka 1992, mwaka ule ule nilioajiriwa, malalamiko yalikuja kwa mafungu: chambo cha Sallis hakishiki kitu wakati wa baridi. Mzee Aubrey alimwita Norris akamwambia, "Nitafutie kitu cha kutuvusha, la sivyo tutafunga." Norris alianza mwezi wa kumi na mbili, akamaliza mwezi wa pili 1994. Miezi kumi na minne. Namba Moja ilielea. Namba Mbili iliyeyuka kabla haijafika chini. Namba Tatu ililiwa na bata wote wa wilaya hii. Namba Nne ilinuka kiasi kwamba mbwa wa jirani yetu alikuja kujigaragaza mlangoni. Namba Tano ilikuwa nzuri, lakini ya mwezi wa tano.

Na mtu huyu hakuwa mvuvi. Wengi wenu hamlijui hili. Norris Tapscott hajawahi kumtia karpi ndoana. Alichofanya ni kwenda kwenye ziwa la pili na chupa yake ya chai, akapanda kwenye tawi la mti uliolalia maji, akalala kifudifudi kwenye baridi ile, akatupa vitonge ishirini mahali penye maji maangavu, akatazama. Karpi hula kwa kufyonza na kutema. Anafyonza, anatema, anafikiri, anafyonza tena. Norris alikuwa na daftari, anaandika: huyu katema mara nne, huyu mara mbili, huyu kaondoka. Mimi nilimpelekea supu pale mtini mara kadhaa, kwa hiyo sisimuliwi. Tarehe 9 Februari 1994 aliniita kwa mkono nisimame, nisisogee. Karpi watatu walikuwa chini yake. Walifyonza na hawakutema. Norris alikuwa analia, na mpaka leo anasema ni upepo.

Hiyo ndiyo Namba Sita. Ini, maziwa, mbegu za kulishia ndege zilizosagwa, chumvi na pilipili manga kwa kipimo chake. Iliokoa kiwanda hiki, ikawasomesha watoto wangu wawili, na imemnunulia Bwana Piers boti ambayo haijawahi kutoka nje ya uwanja wake.

Wengi wenu mmeshaanza kutazamana, maana kwenye pakiti mnasoma jambo lingine. Kwenye pakiti pameandikwa: "Kimebuniwa na Kelvin Thrale."

Kelvin Thrale yupo leo nasi, meza ya mbele, amevaa kofia. Karibu, Kelvin. Kelvin ni mvuvi hodari, sitamnyima haki yake. Alijiunga nasi mwaka 1996 kuwa sura ya kampuni, miaka miwili baada ya Namba Sita kuanza kuuzwa. Mwaka 2002 alimpata Bibi Clementine kwa kitonge cha Norris, akatokea kwenye jalada la jarida amemkumbatia. Mwandishi alimuuliza nani aliyetengeneza chambo kile. Kelvin angeweza kusema neno moja tu. Badala yake alisema, na jarida ninalo nyumbani, "Nilijifungia jikoni kwangu miezi kumi na minne." Loo! Hata miezi aliichukua kama ilivyo, hakupunguza wala kuongeza hata mmoja. Kama ni kupiga chuku, angalau angetafuta namba yake mwenyewe.

Mwaka uliofuata mzee Aubrey alifariki, na kabla maua hayajanyauka maneno yale yalikuwa yameshapigwa chapa kwenye pakiti. Norris alipanda ofisini. Ndiyo mara pekee katika miaka thelathini na saba alipopanda ngazi zile bila kuitwa. Mlango ulikuwa wazi, mimi nilikuwa kwenye ngazi na boksi la lebo mkononi, nikasikia kila kitu.

"Sitaki muweke jina langu," Norris alisema. "Toeni lile tu. Pabaki patupu."

"Norris, mzee wangu," Bwana Piers alimjibu, "nani atanunua chambo cha mpishi ambaye hajawahi kuvua? Watu wananunua Kelvin. Wewe tunakujua sisi. Haitoshi?"

"Kama hakuna mtu wa kuandikwa, basi waandike hakuna mtu."

"Usiwe mgumu hivyo, bwana. Ni karatasi tu."

Norris aliteremka, akavaa aproni, akarudi kwenye sufuria. Hakulitaja tena. Ni miaka kumi na mitano sasa. Kila pakiti iliyotoka hapa imepita mikononi mwangu, na kila moja nimeisoma, na kila moja imenichoma. Kupanda mtu, kuvuna mtu mwingine, hayo yapo duniani kote. Lakini kumfungisha aliyepanda magunia ya mavuno, na kumwambia ni karatasi tu, hilo nililiona hapa.

Ningeweza kuishia hapo kama si ya Julai mwaka huu.

Mwaka kesho Namba Sita inatimiza miaka ishirini na mitano. Bwana Piers ameshaagiza makopo maalumu, yatakayobandikwa lebo yenye saini ya Kelvin na simulizi ya jikoni kwake. Ili kuyatangaza, Jumamosi ya tarehe 14 Julai tulikaribisha wavuvi sitini waje kumwona Kelvin Thrale akitengeneza Namba Sita kwa mikono yake, na kamera inachukua. Mlikuwepo wengi. Kwa ajili ya wale ambao hawakuwepo, na kwa ajili ya wale waliokuwepo wakajifanya wanatazama viatu, nasimulia.

Kelvin alivunja mayai kumi na mawili, akayamwaga kwenye unga. Nilimtazama Norris, aliyekuwa amesimama mlangoni kwa nyuma; alifumba macho. Kelvin akakanda mpaka mikono ikanata kama ya mtoto aliyeshika asali. Donge halikupumzika hata dakika. Akaviringisha vitonge vyenye maumbo ambayo Mungu hakuyakusudia, huku anawachekesha watu, halafu akainua trei nzima na kuimimina yote kwenye sufuria mara moja.

Maji yalikata. Povu likapanda, likamwagikia jiko. Kelvin akachota kwa chujio, akatoa kitu cha kahawia kinachodondoka. Kisha bwana mmoja aliyekuwa ametoka mji wa Doncaster tangu alfajiri akauliza kwa sauti, "Samahani, hii ndiyo Namba Sita au ni mchuzi?"

Jamani, nilisubiri dakika hiyo miaka kumi na mitano. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Na hapo hapo Norris akatoka nyuma na trei ya vitonge safi, vikavu, alivyokuwa amevitengeneza tangu saa kumi na moja asubuhi, akaviweka mezani mbele ya kamera akasema, "Kosa langu hilo, Kelvin. Jiko nililokuwekea lina moto mdogo. Waoneshe hivi ulivyoviandaa asubuhi."

Watu wakapiga makofi. Kelvin Thrale, bila haya wala soni, akaigeukia kamera: "Mnaona sasa? Ndiyo maana siku zote nawaambia, kagueni jiko lenu kwanza!"

Jumatatu yake Norris alipokea barua ya onyo kutoka ofisini, kwa uzembe wa kutokagua vifaa mbele ya wateja. Miaka thelathini na saba bila doa, na jalada lake linafungwa na barua moja ya onyo, kwa kosa la mtu mwingine, ambaye Norris mwenyewe ndiye aliyemsitiri. Barua hiyo bado imo. Nilimuomba Bwana Piers aitoe kabla ya leo. Alisema, "Utaratibu ni utaratibu, Glenda."

Nilimfuata Norris jikoni nikiwa nimewaka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika mbele ya kasisi wetu. Nilimuuliza kwa nini hakumwacha yule mtu azame. Alikuwa anasugua sufuria ile iliyoungua. Aliniambia, "Glenda, watu sitini wangerudi kwao wakisema Namba Sita ni uji. Mimi sikumwokoa Kelvin. Niliokoa chambo."

Basi huyo ndiye tunayemuaga. Amewafundisha kazi watu kumi na wanane, na kumi na wawili kati yao bado wanapiga mayai kwanza. Hakuwahi kuchelewa isipokuwa siku ya theluji ya 1991, alipofika saa nne kwa miguu na kuomba radhi. Amepika chambo kilichowashikisha watu samaki wa maisha yao, nao wakaenda kumshukuru mwenye kofia. Uungwana wake ni mkubwa kuliko wangu mara kumi, na kwa miaka mingi uungwana huo ndio uliowanenepesha wengine. Nampenda sana, na namkasirikia sana, na vyote viwili namwambia leo mbele yenu.

Nimalizie na ratiba, kwa kuwa imebadilika kidogo.

Kipengele cha nne, saa tisa na nusu, kilikuwa: Kelvin Thrale kumkabidhi Norris zawadi ya kampuni, yaani pakiti ya Namba Sita iliyowekwa kwenye fremu, ikiwa na saini ya Kelvin. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu na bado siamini kwamba iliandikwa na watu wazima waliokunywa chai. Kumvisha mtu kilemba cha ukoka ni jambo moja. Kumkabidhi mwizi kilemba, amvishe mwenye mali, ni jambo jingine kabisa.

Mimi ndiye ninayepeleka karatasi hizi kwa mchapaji. Bwana Piers nilimpa azisome Jumanne, akanirudishia bila kufunua, akasema, "Nakuamini." Asante, Bwana Piers. Kwa hiyo kipengele cha nne sasa ni hiki: Kelvin Thrale atatengeneza nusu kilo ya Namba Sita mbele yetu sote, tangu yai la kwanza mpaka kitonge cha mwisho. Mayai nimenunua mwenyewe asubuhi. Unga, ini, maziwa, mbegu, vyote vipo mezani, vipimo havipo, maana aliyekibuni hahitaji kuoneshwa vipimo. Jiko limekaguliwa jana na fundi wa gesi, cheti chake nimekibandika ukutani, na amenihakikishia kwamba moto wake ungechemsha ziwa la pili. Kelvin akifanikiwa, nitamwomba radhi kwa magoti na Jumatatu sitakuja kazini. Asipofanikiwa, makopo ya mwaka kesho yanasubiri lebo, na lebo naziagiza mimi. Nimebakiza miaka minne kustaafu, au labda nimebakiza mchana mmoja. Nimeshazungumza na mume wangu. Alisema sawa, akauliza kama punguzo la chambo litaendelea.

Hilary, asante kwa kutuazima mtu huyu, na pole kwa nguo zote ulizolazimika kuzichoma. Norris, tunakushukuru kwa kila mkupuo. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, jirani mwema kwenye basi, na afya ya kukupandisha kwenye tawi lako la mti kila utakapotamani kuwatazama wale wasiotema.

Jambo moja tu la mwisho, na ndilo pekee ninalokuomba baada ya miaka ishirini na sita ya kufanya kazi pamoja. Trei yoyote uliyoificha jikoni, nimeshaitoa. Maji yakizimika, povu likipanda, na mtu akageuka kukutafuta kwa macho, wewe shika kikombe chako cha chai. Kaa hapo hapo ulipo, Norris. Usinyanyuke.